Taa Iliyokataa Kuzimika

Taa iliwaka Jumanne saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa Mwanga mjini Kigoma, mbele ya wafanyakazi wawili wa shirika la misaada na mfuko wa mikate. Taa ndogo ya njano, yenye umbo la injini. Zubery akaipiga dashibodi kwa kiganja, taratibu, kama anamwamsha ndugu yake. Taa ikabaki. Akaipiga tena.

"Dereva, hiyo ni nini?" aliuliza dada aliyekaa nyuma.

"Hii? Inaonyesha injini ipo."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Jumatatu inayofuata magari yote yanayokodiwa na shirika yalikuwa yanakaguliwa upya, na karatasi iliyobandikwa getini ilisema kwa wino mzito kwamba gari lenye taa yoyote ya tahadhari halipati mkataba mpya.

Mwaka ule Kigoma nzima iliishi kwa kazi ya wakimbizi. Warundi walikuwa wameshuka kwa maboti, uwanja wa mpira ukalala watu, kambi zikajaa, na kila mwenye gari zima alitafuta shirika la kumkodi. Zubery alipata kabla ya wengi. Gari lake la watu saba, jeupe, lenyewe lilikuwa la shirika zamani, likauzwa mnadani, na milangoni bado ulikuwa unaona kivuli cha stika iliyobanduliwa. Nyumbani Ujiji walikuwa wanaliita Mnada.

Mnada halikununuliwa kwa ajili ya biashara. Mwaka juzi Mwanakombo, mke wake, alipoteza mimba ya pili akiwa juu ya pikipiki, njiani kwenda hospitali, mvua inanyesha.  Wiki iliyofuata Zubery akauza mtumbwi na nyavu, akachukua mkopo, akaja na gari. Sasa Mwanakombo alikuwa na miezi sita. Mkataba ulikuwa unalipa mkopo. Mkataba ukiondoka, Mnada nalo linaondoka, na pikipiki zipo palepale pembeni ya barabara, zinasubiri.

Jioni ile alipofika nyumbani hakuitaja taa. Alizunguka gari, akachungulia chini, akanusa.

"Siku hizi halinuki petroli," alisema.

Mwanakombo alikuwa amekaa barazani anachuja mawese kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye dumu. Mwezi mzima alikuwa amelalamika harufu. Akiingia garini tu anasikia kichefuchefu.

"Halinuki, ee," alijibu, akainamisha uso kwenye dumu lake. Alikuwa anatabasamu.

* * *

Nuhu fundi umeme alikuwa na gereji Mwanga, na alikuwa na mashine ya kupima magari, ndogo kama rimoti, aliyoihifadhi ndani ya soksi. Alhamisi aliichomeka chini ya usukani, akasubiri, akasoma, akakuna shingo.

"Mvuke," alisema.

"Mvuke wa nini? Rejeta nimejaza maji mwenyewe."

"Mvuke wa mafuta, bwana. Petroli ikikaa kwenye tenki inatoa mvuke. Magari ya zamani yalikuwa yanauachia hewani, basi. Hili linaukamata, linaupeleka kwenye kopo fulani huku nyuma, tunaliita kenista. Ndani kuna mkaa. Mkaa unaunyonya, baadaye injini inakuja kuula. Sasa mashine inasema kuna mahali mvuke unatoroka. Na si tundu dogo."

"Umesema mkaa?"

"Mkaa."

"Huu wa kupikia?"

"Zubery, wewe shika tochi."

Nuhu akaingia chini. Akafuata mipira kwa vidole, akanusa, akapuliza. Akatoka, akajaribu kifuniko cha tenki. Kilikuwa kimekaza mpaka kikamuumiza kiganja.

"Hapa pako sawa, pamekaza kuliko kwangu," alisema, akafunga kimlango bila kukifungua kifuniko chenyewe. "Ni kenista. Spea inatoka Dar. Wiki mbili."

"Ukaguzi ni Jumatatu."

"Basi naifuta taa. Ukiwa na bahati itakaa."

Akaifuta. Ijumaa jioni ikarudi. Akaifuta tena. Jumamosi mchana, Zubery akiwa mwaloni Katonga, wanaposhukia wavuvi, mikono juu ya usukani, akaiona inawaka mbele ya macho yake, taratibu, bila aibu.

Pale pale alikuwepo Elia, kijana anayeosha magari ukingoni mwa ziwa kwa pampu ya maji. Alikuwa ameliosha Mnada wiki mbili zilizopita. Zubery akashuka.

"Elia. Ulipuliza pampu yako wapi?"

"Shikamoo, kaka Zubery."

"Nimekuuliza ulipuliza wapi."

"Kote. Si ulisema matope mpaka chini?"

"Umenivunjia kitu chini huko. Kuna mvuke unavuja."

Wachuuzi wa dagaa waligeuka. Elia alibaki na sponji mkononi, povu linamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Mimi nimevunja mvuke?"

"Usinifanye mjinga. Gari langu lilikuwa zima. Nani mwingine aliyeligusa?"

"Kaka, nimeosha magari mia hapa..."

"Na hili ndilo la mwisho kwangu," Zubery alisema, kwa sauti ya kusikiwa na soko zima. Mama mmoja aliyekuwa anataka gari lake la kubebea samaki lioshwe akamwambia dereva wake aache kwanza. Elia aliona. Akaenda kuizima pampu.

Nuhu alipopigiwa simu alisema Jumapili anaenda msibani Kibondo na mashine anaondoka nayo, hamwachii mtu. "Lete sasa hivi nikumalizie kwa njia ya mkato." Njia ya mkato ilikuwa hii: akafungua dashibodi, akachomoa balbu ya ile taa, akampa Zubery mkononi. Kibalbu kama punje ya mahindi.

"Haitawaka tena," Nuhu alisema. "Kaiweke mahali, usiitupe."

* * *

Mkaguzi wa magari wa shirika alikuwa anaitwa Telesphory, mtu wa Kasulu, mpole, anamwita kila mtu kaka, na ule upole ndio uliokuwa unatisha. Jumatatu asubuhi alikaa kwenye usukani wa Mnada, akaweka ufunguo, akazungusha kidogo bila kuwasha injini. Akaegemea kiti.

"Kaka Zubery, hebu njoo tuhesabu wote."

Zubery akasogea dirishani. Madereva saba waliokuwa kwenye foleni wakasogea pia, maana hawakuwa na kazi nyingine.

"Ukifungua swichi, taa zote zinawaka kwanza, zinajionyesha kama ziko hai. Ndiyo au siyo? Haya. Hii ya betri. Hii ya oili. Hii ya breki. Hii ya mkanda. Hii ya maji." Kidole chake kikafika mahali penye giza. "Na hii ya injini iko wapi, kaka?"

Zubery akaupapasa mfuko wa suruali. Balbu ilikuwa humo.

"Gari lako lina haya," Telesphory alisema. "Linajifunika uso."

Madereva wakaangua kicheko. Mmoja akasema gari lenyewe ni mwali, muacheni. Zubery naye alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

Telesphory alishuka, akamvuta pembeni, na hapo hakuwa na utani. "Ningeandika umekataliwa, kaka, na leo mchana kuna mtu analeta gari lake kuchukua nafasi yako. Ila sikuandiki hivyo. Naandika halijakaguliwa. Alhamisi saa mbili uje. Taa iwepo, iwake, halafu izimike yenyewe. Hicho ndicho ninachotaka. Yenyewe."

Alipokuwa anatoka getini, dereva mwenzake Hamdani alilishika dirisha lake. "Achana na mambo ya mashine. Kuna Mrundi pale soko la pamoja, karibu na kambi. Feliksi. Anayavutisha magari moshi."

"Anavutisha nini?"

"We nenda tu. Utaona kwa macho."

* * *

Usiku huo hakuna aliyeshiba. Migebuka, samaki wa ziwani, ilikuwa imekaangwa vizuri, ugali ulikuwa wa moto, ila Zubery alikuwa anamega na kurudisha.

Mama yake, Bi Mwanvua, alimtazama mpaka akachoka. "Haya tuambie. Au tukaulize mnadani?"

Akawaeleza: mvuke, tenki, mkaa, balbu, na kicheko cha madereva, hicho alikieleza kwa ufupi sana.

"Gari lina mkaa ndani," Bi Mwanvua alisema, "na mimi nanunua gunia kila mwezi."

Mwanakombo akacheka kidogo. Zubery akamgeukia.

"Cheka. Wewe na pua yako ndio mlianza. Harufu, harufu, kila siku harufu. Tangu uanze kusema harufu gari halijakaa vizuri."

 Mwanakombo alikusanya sahani, akainuka kwa kujishika kiuno, akaingia ndani. Alitamani kumwambia kwamba kama si yeye hali ingekuwa mbaya zaidi, kwamba palipokuwa panatoa harufu alishapashughulikia bila kumsumbua. Ila mtu aliyechekwa mchana humwambii kitu usiku.

Bi Mwanvua alinyoosha mguu, akamsukuma mwanawe kwenye goti. "Miguu ya mkeo imevimba. Umeiona?"

Hakuwa ameiona. Aliingia na beseni la maji ya uvuguvugu, akakaa chini, akaiweka miguu ya Mwanakombo ndani ya maji bila kusema samahani. Akaiosha kidole kimoja kimoja.

"Kesho kutwa naenda kwa huyo Mrundi," alisema.

"Nakuja na wewe."

"Barabara mbaya."

"Utaendesha polepole. Nina madumu mawili ya mawese, soko la pamoja wananunua vizuri. Na nikibaki hapa mama atakaa ananihesabia pumzi."

"Nimesikia," Bi Mwanvua alisema kutoka barazani.

* * *

Jumatano walitoka alfajiri na wakafika saa nne, kwa sababu kila tuta Zubery alilivuka kama amebeba mayai. Soko la pamoja lilikuwa nje kidogo ya kambi, wenyeji wanaleta ndizi na mawese, wakimbizi wanaleta unga wa mgao, sabuni, vitenge, na ufundi. Chini ya turubai la mgao, kati ya fundi cherehani na mtu anayechaji simu, alikuwepo Feliksi.

Alikuwa mwembamba, mvi zimeanza, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Bujumbura alikuwa na gereji ya watu sita. Hapa alikuwa na boksi la mbao.

"Amahoro, mzee," Zubery alisema.

"Amahoro. Karibuni. Mama akae kwanza." Akatoa dumu tupu, akalifuta kwa mkono wa shati, Mwanakombo akakaa.

Zubery akaeleza yote, pamoja na mkaa. Feliksi alikuwa anaitikia kwa kichwa, "ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, kama daktari anayejua ugonjwa kabla mgonjwa hajamaliza.

"Fundi wako hakudanganya. Mvuke unatoka. Lakini alikisia mahali. Mimi sikisii. Mvuke hauonekani, kwa hiyo tunautia rangi."

Kutoka kwenye boksi akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa, kimepitishwa mpira mrefu, na pembeni imechomekwa plagi ya dizeli, ile inayokuwa nyekundu kupasha injini asubuhi. Akaunga nyaya mbili kwenye betri kuukuu, akaiweka mbali na gari kadiri mpira ulivyofika. Akawaambia watu wazime sigara. Mwenye kuchaji simu alizima na redio, ingawa redio hakuambiwa.

"Natia mafuta kidogo humu, plagi inayaunguza, yanakuwa moshi. Hakuna moto, moshi mtupu. Naupuliza polepole kwenye njia ya mvuke. Popote unapotokea, ndipo hapo." Akatikisa chupa yake. Ilikuwa tupu. "Mafuta yameisha."

"Mawese yanafaa?" Mwanakombo aliuliza.

Feliksi akawaza. "Hatujawahi kujaribu. Yatafaa."

Mwanakombo akasogeza dumu. Feliksi akazungusha kifuniko, kikagoma, akakibana kwa kitambaa, kikaachia kwa mlio. Chini yake kulikuwa na kipande cha nailoni kimekunjwa mara nne.

"Hii ya nini, mama?"

"Mafuta yasivuje. Kwetu dumu bila nailoni halisafiri. Utafika na nguo nyekundu."

"Mna akili," Feliksi alisema, akamimina vijiko viwili kwenye kopo. Kisha akainama nyuma ya gari, akachomoa mpira mmoja, akauchomeka wa kwake. "Mzee, fungua kimlango cha tenki, nianze kuangalia pale kwenye bushoni. Nyinyi mnaita kifuniko."

"Hapo usipoteze muda," Mwanakombo alisema. "Hapo nimeshapaziba mimi."

Feliksi akainua kichwa. Zubery akainua kichwa. Hata fundi cherehani akaacha kukanyaga.

"Umepaziba na nini?" Zubery aliuliza.

"Na nailoni." Alikuwa bado na fahari kidogo usoni. "Ile siku pale sheli tulipojaza mafuta, ulipokwenda kuswali, ukaniachia ufunguo. Harufu ilikuwa inatokea pale, nilinusa mwenyewe. Nikaikunja mara nne, nikaiweka, nikakaza kwa nguvu zote. Si harufu ilipungua? Wewe mwenyewe ulisema halinuki."

Feliksi akarudi kwenye kopo lake. Aliwasha plagi, akasubiri, akaanza kupuliza kwa pampu ya baiskeli, taratibu, mara moja, mara mbili. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha pembeni ya kifuniko ukatokea uzi mweupe. Uzi ukawa mkia. Mkia ukajikunja juu ya bodi jeupe la Mnada, na soko zima likaanza kunukia kama kuna mtu anakaanga migebuka.

"Nani anapika?" sauti iliuliza kutoka upande wa ndizi.

"Mke wa dereva," mwenye kuchaji simu akajibu. "Ameweka nailoni, anapika gari."

Watu wakacheka. Walikuwa wamekusanyika kama kumi na tano, na kicheko kilipita kutoka mmoja hadi mwingine kikitafsiriwa Kirundi na Kiha, kila mara kikiongezeka. Mwanakombo alikuwa amekaa juu ya dumu, mikono juu ya tumbo. Fahari ilikuwa imetoka usoni, na hakuna kitu kilichokuja mahali pake. Alitazama moshi. Alimtazama mumewe mara moja tu, akaangalia chini.

Zubery alisimama. Akilini alimwona Elia na sponji yake. Alijisikia mwenyewe akisema harufu, harufu. Mwezi mzima mtu anamwambia mahali panapovuja, na yeye akafungua madirisha. Maneno mengi yalimjia, mengine makali, maana siku tisa hizo zilikuwa zimemtafuna. Ila alimwona Mwanakombo akijifuta mikono kwenye kanga, mikono isiyokuwa na kitu.

"Subirini," aliwaambia watu. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile balbu, akaishika juu wote waione. "Mnamcheka huyu aliyeziba tundu? Mimi sikuziba. Mimi nilichomoa taa inayosema kuna tundu. Nikalipeleka gari kwa mkaguzi hivyo hivyo. Akaniita mbele ya madereva saba, akaniambia njoo tuhesabu."

"Ulifanyaje?" mtu akauliza.

"Nilikohoa."

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na chote kilikuwa chake. Alikwenda kusimama nyuma ya Mwanakombo, akamwekea mkono begani. Bega lilikuwa linatetemeka, akadhani analia. Akainama kumwangalia. Machozi yalikuwepo kweli, ila alikuwa anacheka.

"Ulikohoa?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Kama mbuzi."

Feliksi aliwaacha wamalize. Kisha akafungua kifuniko, akaitoa nailoni, imeshakunjamana na kuwa ngumu, akaielekeza kwenye mwanga. "Mama, kwa mawese hii ni sawa kabisa. Mawese ni mazito, hayapiti kwenye mikunjo. Mvuke ni mwembamba kama pumzi, kila mkunjo kwake ni barabara." Akageuza kifuniko, akaonyesha mpira wake wa duara. Ulikuwa umepasuka mahali pawili. "Lakini pua yako haikukosea. Huu ulipasuka zamani. Ulikuwa unavuja kidogo, gari likavumilia. Nailoni ikaupandisha juu, ikawa mlango, harufu ikaelekea nje badala ya kuja garini."

Nyuma ya turubai kulikuwa na gari la zamani la mizigo ya misaada, limekufa, limekaa juu ya mawe, na Feliksi alikuwa na ruhusa ya kulikata spea. Akarudi na kifuniko chake, cha kipimo kilekile. Akakizungusha. Kikalia, tak, tak, tak.

"Mara tatu," alisema. "Chini ya hapo hakijafunga. Juu ya hapo ni nguvu za bure."

Akapuliza tena moshi. Wote walitazama, hata waliokuwa wanacheka. Pembeni ya kifuniko hapakutokea kitu. Hapakutokea kitu kabisa.

Balbu ikarudishwa mahali pake. Betri ya gari ikafunguliwa kwa muda wa chai moja, gari lisahau kosa lililowasha taa. Feliksi alitaja bei ndogo, Zubery akalipa, na Mwanakombo akamjazia chupa yake mawese mpaka shingoni.

"Kitu kimoja naomba," Feliksi alisema, akaandika namba kwenye kipande cha boksi. "Ikizimika, mnipigie. Ikiwaka, mnipigie pia. Bujumbura mtu akitengeneza gari, kesho analiona barabarani. Hapa yanaondoka tu. Sijui hata moja kama lilifika."

* * *

Walirudi bila redio. Kwenye kila mlima Zubery aliangalia barabara, Mwanakombo aliangalia dashibodi. Kasulu, hakuna. Kidahwe, hakuna. Walipoingia Ujiji, Bi Mwanvua alikuwa amesimama barazani, mkono kiunoni.

"Ilikuwa nini?"

"Nailoni, mama," Mwanakombo alisema. "Niliweka nailoni kwenye tenki, kama dumu."

Bi Mwanvua alishusha mkono. "Ulikunja mara ngapi?"

"Nne."

"Basi lawama ni yangu, mimi ndiye niliyekufundisha nne," alisema, akampokea dumu.

Alhamisi saa mbili, Telesphory alizungusha ufunguo. Taa zote zikawaka. Alihesabu kwa kidole, akafika kwenye ya njano, akagusa kioo juu yake. Akawasha injini. Zikazimika zote. Hakuridhika. Akaendesha mpaka bandarini, akarudi, akazima, akawasha tena. Zubery alikuwa amekaa pembeni, mikono kwenye mapaja, akiitazama dashibodi.

"Imezimika yenyewe," Telesphory alisema hatimaye, akaanza kuandika. "Ilikuwa ni nini, kaka?"

"Mpira wa kifuniko cha tenki."

"Mashine ilikwambia?"

"Mke wangu aliniambia. Kabla ya mashine."

Telesphory akamtazama, akaona hakuna utani, akasaini.

Kabla ya kwenda nyumbani, Zubery alipitia Katonga. Aliegesha palepale, wachuuzi walewale wakiwepo, akashuka na kusema kwa sauti ileile aliyotumia Jumamosi, "Elia, nilikukosea. Hukuvunja kitu. Ni kifuniko cha tenki, na kosa limetoka nyumbani kwangu. Naomba uniwie radhi, na unioshee gari."

Elia aliendelea kuosha pikipiki ya watu mpaka akamaliza. Kisha akavuta mpira wa pampu. "Leo nitaliosha kwa kitambaa," alisema. "Nisije nikavunja mvuke." Na wachuuzi wakacheka, na Zubery akasimama pale akachekwa mpaka gari likakauka.

Jioni alimchukua Mwanakombo kwenda kliniki, na njiani wakaingia sheli. Mhudumu alipomaliza kujaza, alinyoosha mkono kufunga.

"Acha," Zubery alisema. Akazunguka, akamfungulia mke wake mlango, akampa kifuniko.

Mwanakombo alishuka polepole, tumbo mbele. Akanusa kwanza. Akaweka kifuniko, akazungusha. Tak. Tak. Tak. Akaachia. Zubery alikuwa ameshapiga simu na kuiweka sikioni mwa mke wake.

"Feliksi," alisema. "Ni sisi, wa Ujiji. Imezimika."

Upande wa pili palikuwa na kelele za soko na redio ya mwenye kuchaji simu.

"Urakoze, asante, mama," Feliksi alisema. "Na kifuniko anafunga nani?"

"Mimi."